Shaba Isiyo na Jina

Mtu wa Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, anayetaka kuuza simu yake ya zamani huilaza juu ya kitambaa, akaipiga picha, akaituma kwenye Facebook au kwenye kundi la WhatsApp, na chini ya picha akaandika jina la kampuni ambayo haijui hata kama yeye yupo duniani: Samsung, iPhone, Tecno. Kisha huongeza neno la Kifaransa, occasion, ambalo mtaani hutamkwa okazio, yaani imeshatumika. Maneno mawili, na biashara imeeleweka. Jirani yake anauza chaja isiyo na chapa yoyote. Naye anaandika jina lile lile kubwa, ila anachotaka kusema ni kwamba chaja hii inaingia kwenye simu ya kampuni hiyo. Wa tatu ana spika iliyotoka asikokujua, ameibandika herufi za kampuni maarufu na anaiuza kwa bei ya kampuni hiyo. Wote watatu wametumia jina lisilo lao bila kuomba ruhusa, na wapo wengi wanaowatia kapu moja na kuwaita matapeli.

Kapu hilo halifai. Wawili wa kwanza wanalitumia jina kueleza kitu walicho nacho. Wa tatu analitumia kufunika kitu asichotaka kijulikane. Kuna kueleza na kuna kufunika, na tofauti hiyo ni ya zamani sana katika nchi ya Lualaba, nchi iliyouza shaba kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kusajili alama ya biashara. Ukiifuata historia ya shaba hiyo tangu kalibu za wafuaji hadi magunia ya kobalti ya leo, utakuta jambo linalopindua lawama tulizozoea: waliolitumia jina kufunika zaidi ni wenye alama zilizosajiliwa, na muuza okazio, kwa sehemu kubwa, ndiye anayesema kweli.

Tuanze na msalaba. Katika bonde la Upemba, mto Lualaba unakopita kwenye maziwa na vinamasi baada ya kuacha vilima vya madini, wanaakiolojia wamefukua makaburi mengi ambamo maiti walizikwa na misalaba midogo ya shaba, mingine kifuani, mingine kiunoni, mingine mikononi. Pierre de Maret, Mbelgiji aliyechimba huko miaka ya 1970, alionyesha kwamba kadiri karne zilivyosonga misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kuzidi kufanana. Kitu kinachozidi kufanana na mwenzake kinaelekea kuwa fedha, kwa sababu anayekipokea hahitaji tena kukikagua kimoja kimoja. Misalaba ya shaba imepatikana pia makaburini Ingombe Ilede, kwenye mto Zambezi, na kalibu ya kumiminia shaba kwa umbo hilo imepatikana Great Zimbabwe. Ilisafiri mbali, basi, na ilisafiri bila jina la mtu. Aliyeupokea msalaba huko mbali hakumjua mfuaji, wala kijiji chake, wala kilima ambako jiwe la kijani liliokotwa.

Kazi yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Wazee wa Basanga na majirani zao, ambao Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba, walichimba wakati wa kiangazi, mashimo yasipojaa maji. Wanawake na watoto waliokota mawe yaliyo juu ya ardhi, wanaume wakashuka shimoni, na mafundi wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakalisha mkaa, wakavukuta. Siri za tanuri hazikuwa za kila mtu. Mabwana wa kazi walikuwa na dawa zao, miiko yao na wanafunzi wao. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kutia alama yao juu ya kitu, ni hao. Lakini alama waliyotia ilikuwa umbo, na umbo halikuwa la mtu mmoja. Yeyote mwenye kalibu na shaba safi aliweza kutoa msalaba, na ukawa msalaba halali. Ilikuwa chapa isiyo na mwenyewe. Ilisema jambo moja, kwamba hii ni shaba ya kiasi fulani, na jambo hilo mpokeaji aliweza kulithibitisha mwenyewe kwa kuupima mkononi, kuugonga, hata kuuvunja.

Nimekaa kwenye msalaba kwa makusudi, maana kilichofuata kilikuwa jina linalosafiri peke yake, bila kitu chake. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, alijijengea dola yenye makao Bunkeya, na misafara ikapeleka pwani shaba, pembe na watumwa, ikarudi na bunduki, baruti na nguo. Katika biashara ya misafara, nguo iliyotajwa kuliko zote ilikuwa merikani. Hapo mwanzo ilikuwa kweli ya Marekani: pamba isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata ugavi wa pamba, na baadaye viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaichukua nafasi hiyo. Jina halikubadilika. Nguo ya Bombay iliendelea kuitwa merikani, na hata leo mzee wa pwani akiitaja merikani ana maana ya aina ya kitambaa, hana maana ya nchi.

Je, wauzaji wa Unguja walikuwa wakidanganya? Nadhani hapana, au si wote, na si muda wote. Jina lilikuwa limeshageuka kuwa neno la sokoni, linaloeleza uzito na ufumaji, kama ambavyo panadol imekuwa dawa yoyote ya kichwa. Aliyelitumia katika miaka ya kwanza kwa mnunuzi ambaye bado aliamini kwamba kitambaa kimetoka Salem alikuwa anafunika. Aliyelitumia miaka 20 baadaye alikuwa anaeleza. Neno ni lile lile, kosa halipo tena. Kwa hiyo anayetaka kuhukumu matumizi ya jina la mwingine hawezi kulitazama jina peke yake. Lazima aulize mnunuzi aliamini nini aliposikia.

Dola la Kongo la mfalme Leopold lilitoa amri ya kulinda alama za viwanda na biashara mwaka 1888. Mwaka huo Msiri alikuwa bado anatawala Bunkeya, na hakuna ofisa wa dola hilo aliyekuwa na sauti Katanga, nchi hiyo ya shaba. Msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold, ulifika Desemba 1891, na Msiri akauawa tarehe 20 mwezi huo. Sheria ya majina ilitangulia bendera kwa miaka mitatu. Haikuandikwa kwa ajili ya wafuaji wa misalaba, bila shaka, bali kwa ajili ya wenye viwanda wa Ulaya waliotaka chupa na visu vyao visiigwe. Mjiolojia Jules Cornet alipopita mwaka 1892 na watafutaji madini walipomfuata, machimbo ya zamani ya wenyeji ndiyo yaliyowaelekeza pa kuchimba. Tarehe 28 Oktoba 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Kazi ya utafiti ilikuwa imeshafanywa kwa karne kadhaa na watu ambao majina yao hayamo katika hati yoyote ya kampuni.

Kuanzia hapo shaba ilipata jina lililoandikwa, na hapo hapo ikaanza kupoteza habari zake. Mawe ya migodi ya Kamoto, Musonoi na Ruwe yalichanganywa kwenye mitambo ya Kolwezi, mji uliowekwa mwaka 1937, yakayeyushwa au kupitishwa kwenye umeme huko Shituru na, kuanzia 1960, Luilu. Shaba nyingine ilisafirishwa hadi Ubelgiji ikasafishwe Hoboken. Iliyotoka mwisho ilibeba alama ya msafishaji wa mwisho. Soko la metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877, linakubali ghalani chapa zilizosajiliwa tu, lakini linazisajili kwa sababu ya ajabu kidogo: ili mnunuzi asihitaji kuzijali. Mnunuzi, mkataba wake unapoiva, hupewa hati ya ghala ya shaba ya chapa yoyote iliyokubaliwa, na hana haki ya kulalamika kwamba alitaka ile nyingine. Chapa inagongwa juu ya shaba ili shaba ifanane na nyingine zote. Katika hilo London imerudia kazi ya msalaba, ila msalaba haukuwahi kudai kuwa na baba.

Kuna atakayenijibu kwamba hakuna ubaya hapo. Alama ya msafishaji, atasema, inathibitisha usafi wa metali, asilimia 99.99, na usafi hauulizi jiwe limetoka shimo gani wala limechimbwa na nani. Ni jibu zuri, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lilitosha. Kama mnunuzi anauliza kemia, na alama inajibu kemia, hakuna aliyefunikwa. Lakini swali la mnunuzi limebadilika. Mwezi Januari 2016 Amnesty International, pamoja na shirika la Afrewatch la Kongo, ilitoa ripoti iliyofuata njia ya kobalti kutoka mikononi mwa wachimbaji wadogo wa Kolwezi, watoto wakiwamo, hadi kwenye betri za kampuni ambazo majina yao hayahitaji kutajwa. Tangu hapo kampuni za simu na za magari zimekuwa zikiwaahidi wateja wao habari za asili ya madini. Mwaka 2019 soko la London nalo likaweka masharti ya upatikanaji wenye wajibu kwa chapa zake zote. Sasa alama imebebeshwa mzigo mpya: inaambiwa ishuhudie mahali na mikono. Mzigo huo haikuumbwa kuubeba.

Lualaba yenyewe inaonyesha kwa nini. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na kufikia mwisho wa muongo huo uzalishaji wote wa kampuni ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini kwa malipo ya mkupuo. Sheria ya madini ya 2002 ilikuwa imeruhusu uchimbaji wa mikono katika maeneo maalumu, kwa kadi. Watu wakashuka mashimoni, wenye kadi na wasio na kadi, ndani ya maeneo hayo na nje yake. Mjini wanaitwa ba-creuseur. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba vyumbani mwao.

Gunia la creuseur linafika Musompo, kwenye depo za kando ya barabara nje kidogo ya mji. Jiwe linasagwa kidogo, na mnunuzi analielekezea kifaa kama bastola kinachosoma asilimia ya kobalti. Kifaa hicho mjini kinaitwa metorex, jina la kampuni ya Finland iliyotengeneza vipimo vya aina hiyo, na sasa ni jina la kipimo chochote, kiwe kimeundwa na nani. (Nalo hilo ni jina la mwingine linaloeleza tu, na sijasikia aliyelalamika.) Wachimbaji wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu namba inayotokea kwenye kioo chake, kwa kuwa aliyeshika bastola ndiye huyo huyo anayelipa. Bei ikikubaliwa, gunia linamwagwa juu ya rundo. Kuanzia dakika hiyo jiwe la Kasulo na jiwe la mgodi mwingine ni rundo moja. Linaingia kiwandani, linatoka likiwa unga wa hidroksidi ya kobalti katika mifuko mikubwa yenye jina la kampuni, linakwenda bandarini, na sehemu kubwa yake inasafishwa China. Jina lililo juu ya mfuko si la uongo. Kila herufi yake ni halali kisheria. Lakini anayelisoma kama ushahidi wa chimbuko amefunikwa sawasawa na aliyenunua spika yenye herufi za kubandika.

Pingamizi zito kuliko yote liko upande mwingine, na linatoka kwa watu wanaomtakia mema mchimbaji. Wanasema: acha rundo libaki rundo. Ukiandika juu ya mfuko kwamba madini haya yamechimbwa kwa mikono, mnunuzi wa Ulaya atakimbia, na aliyekuwa anakula atalala njaa. Kutokuwa na jina kunamlinda. Muuza simu anaweza kuandika okazio kwa sababu okazio inauzika. Neno “mkono” haliuziki. Sina jibu la haraka kwa hoja hii. Mwaka 2018 eneo la Mutoshi, pembeni mwa Kolwezi, lilizungushiwa uzio na kuendeshwa na Chemaf, Trafigura na shirika la Pact, wachimbaji wakapewa vifaa vya kinga na madini yao yakafuatiliwa. Lilifungwa mwaka 2020 korona ilipoingia. Serikali kwa upande wake iliunda kampuni ya Entreprise Générale du Cobalt ili inunue yenyewe madini yote ya mikono, nayo ilichelewa mno kuanza kazi. Majaribio yote mawili yanaonyesha kwamba kulitaja chimbuko kunagharimu fedha na subira.

Hata hivyo hoja ya ulinzi inapuuza jambo moja. Mchimbaji analipa gharama ya kutokuwa na jina tangu pale Musompo: bei yake inakatwa kwa sababu hana hati, hana kipimo, hana pa kupeleka malalamiko. Rundo likishavuka lango la kiwanda, punguzo hilo linayeyuka, na unga unauzwa kwa bei ya soko la dunia kama unga mwingine wowote. Maana yake punguzo la mali isiyo na jina linabebwa na aliyeichimba, na faida ya jina inachukuliwa na aliyeichanganya. Linganisha na muuza simu. Naye anauza kwa bei ya chini kwa sababu ya neno okazio, lakini punguzo linakwenda kwa mnunuzi, ambaye ameambiwa ukweli na kwa hiyo analipa pungufu. Katika biashara ile ya mtandaoni, inayodharauliwa, ukweli na bei vinakwenda pamoja.

Wenye kampuni wana pingamizi lao pia: muuza okazio ananufaika na sifa waliyoijenga kwa gharama kubwa. Ni kweli, na kuna mahakama iliyolikubali hilo na bado ikaamua kinyume chao. Mwaka 1947 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza shauri la kampuni ya Champion, watengenezaji wa plagi za injini, dhidi ya mtu aliyekuwa akikusanya plagi zao chakavu, kuzikarabati na kuziuza zikiwa bado na jina la Champion. Mahakama haikumlazimisha kulifuta jina. Ilitaka plagi iandikwe waziwazi kwamba imekarabatiwa au imetumika. Ilikiri kwamba muuzaji atapata nafuu fulani kutokana na jina, na ikaona nafuu hiyo ni halali maadamu mnunuzi ameelezwa. Kongo ina sheria yake ya mali za viwanda, ya 1982, na hukumu ya Washington haiifungi. Lakini tazama walichofika nacho majaji wale baada ya mawakili na miaka ya kesi: jina la mwenye chapa, na pembeni yake neno la kusema kwamba kitu kimetumika. Kila siku watu wa Kolwezi wanaandika hivyo hivyo chini ya picha ya simu.

Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, serikali ya kiongozi wake Tshombe ilichora misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake, na mwaka 1961 ikagonga sarafu za faranga 1 na 5, ndizi upande mmoja, msalaba upande wa pili. Umbo lisilo na mwenyewe likawa alama ya dola. Dola lilikufa Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Kolwezi, ngome yake ya mwisho. Sarafu zake bado zinauzwa mtandaoni kwa wakusanyaji, na muuzaji anayejua kazi huandika nchi, mwaka, na kiasi ambacho shaba imelika. Karibu nazo huuzwa misalaba yenyewe, ile ya tanuri za kichuguu au inayosemekana kuwa ya huko. Chini ya picha huandikwa neno moja, Katanga. Ni mtoto wa nani aliyeishika mivukuto, hakuna anayeandika, na ukiununua ukakuta umemiminwa juzi, huna wa kumrudishia.